Kumfundisha mtoto kulala mwenyewe: je, kuna kinachobaki hadi ukubwani?

Nitaanza na jibu, kwa kuwa anayeuliza swali hili mara nyingi hajalala, na hana nguvu za kusoma hadi mwisho ili alipate. Mtoto mwenye afya aliyevuka miezi sita, anayeshiba, anayebebwa na kuchekewa mchana kutwa, ukimfundisha kulala mwenyewe kwa njia ya taratibu humwachii jeraha la maisha. Watoto waliofundishwa hivyo wamefuatiliwa hadi umri wa miaka sita, na hawakutofautiana na wenzao kwa tabia, kwa hisia, wala kwa ukaribu wao na wazazi. Lakini hawakuwazidi wenzao kwa lolote pia. Hata usingizi wenyewe, kufikia umri huo, ulikuwa sawa.

Ndiyo maana nawaambia wazazi kwamba uamuzi huu ni wa miezi hii mliyo nayo. Kama uchovu umefika mahali pa hatari, mfundisheni. Kama mnaamka naye na mnamudu, endeleeni kuamka naye.

Mimi ni muuguzi wa kliniki ya watoto na ni mama wa wawili. Binti yangu wa kwanza nilimfundisha akiwa na miezi minane, kwa sababu nilikuwa nafanya kazi kwa zamu na nilifika mahali pa kusoma kipimo cha dawa mara mbilimbili nikiwa siyaamini macho yangu. Mdogo wake sikumfundisha. Aliamka, akanyonya, akalala tena, na wakati huo sikuwa na zamu za usiku. Sasa wote wako shule. Ukikaa nao mchana mzima hutaweza kuniambia ni yupi aliyefundishwa.

Hofu ilitoka wapi

Mwaka 2012 ulitoka utafiti wa watoto 25 wenye umri wa miezi minne hadi kumi, waliopelekwa pamoja na mama zao kwenye kituo cha usingizi huko New Zealand. Wauguzi ndio waliowalaza. Watafiti walipima mate ya watoto na ya mama ili kuona kiwango cha kotisoli, homoni inayopanda mwili unapokuwa kwenye msongo. Usiku wa tatu watoto walikuwa hawalii tena, lakini kotisoli yao ilikuwa bado palepale, huku ya mama zao imeshuka. Habari hiyo ilisambaa kwa maneno makali: mtoto hajatulia, amekata tamaa, anateseka kimyakimya na ubongo wake unaharibika.

Nimeusoma utafiti ule kwa makini, kwa sababu mama wengi huja wamelia usiku kucha kwa ajili yake. Haukuwa na kundi la kulinganisha nalo. Haukuonyesha kotisoli ya watoto hao ilikuwaje nyumbani kwao kabla ya kuletwa mahali pageni na kulazwa na watu wageni. Kotisoli haikushuka, lakini pia haikupanda. Tena hakuna aliyewafuatilia watoto wale miaka iliyofuata, kwa hiyo haiwezekani kuutumia kusema lolote kuhusu ukubwani. Hata hivyo siutupi, maana umenipa mambo mawili ninayoyafundisha hadi leo: usimfundishe mtoto kulala mahali pageni, na usiuchukue ukimya peke yake kuwa ni ushahidi kwamba yu salama. Mtazame mchana.

Chanzo cha pili cha hofu ni watoto wa makao ya yatima ya Romania. Madhara waliyoyapata kwa kukosa mlezi wa kwao ni ya kweli na yameandikwa vizuri. Mradi wa utafiti ulioanza Bucharest mwaka 2000 umewafuatilia kwa miaka mingi. Lakini watoto wale walikosa mtu mmoja wa kwao, asubuhi, mchana na usiku, kwa miezi na miaka. Mtoto anayelia dakika tano ukiwa umekaa naye chumbani, kisha akaamka na kukukuta, hayuko katika hali ile hata chembe. Naumia ninapoona picha za watoto wale zikitumiwa kumtisha mama aliyechoka.

Waliofuatiliwa walionyesha nini

Utafiti ninaouegemea zaidi ulifanyika Melbourne, Australia, na uliendeshwa kupitia wauguzi wa vituo vya afya ya mama na mtoto, watu wa kazi kama yangu. Watoto 326 waliokuwa na shida ya usingizi wakiwa na miezi saba waligawanywa kwa kura: vituo vingine viliwafundisha wazazi njia za kumlaza mtoto, vingine viliendelea na huduma ya kawaida. Wazazi waliofundishwa walichagua wenyewe kati ya kumwacha mtoto kwa dakika chache na kurudi kumtuliza, au kukaa naye chumbani na kusogea mbali kidogo kidogo. Watoto walipofika miaka miwili, mama wa kundi lililofundishwa walikuwa na dalili chache zaidi za sonona. Walipofika miaka sita, watoto 225 walipatikana na kupimwa tena: hisia, tabia, usingizi, kotisoli, uhusiano na mzazi, afya ya akili ya mama. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012 katika jarida la Pediatrics, na hapakuwa na tofauti kati ya makundi hayo mawili. Karibu theluthi moja ya watoto hawakupatikana tena, na hilo ni pengo lazima nilitaje. Lakini sijui utafiti mwingine wa kura uliofika mbali kiasi hicho.

Mwaka 2016 ulifuata mwingine mdogo wa Adelaide, huko huko Australia, wenye watoto 43. Huu ulipima kotisoli, kisha baada ya mwaka mmoja ukapima mshikamano wa mtoto na mzazi. Kipimo hicho kilianzishwa na mwanasaikolojia Mary Ainsworth: mtoto na mama wanakaa chumbani, mama anatoka kidogo, anarudi. Mtoto kulia mama akitoka si tatizo. Kinachotazamwa zaidi ni anavyompokea mama akirudi, kama anamwendea, anatulia, kisha anaendelea kucheza. Waliofundishwa na wasiofundishwa hawakutofautiana. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Warwick, Uingereza, waliwatazama watoto 178 hadi miezi 18 bila kuwaingilia wazazi kwa lolote, nao hawakuona kwamba waliowahi kuachwa walie wakati wa uchanga walikuwa na mshikamano dhaifu au tabia ngumu.

Sasa upande wa pili, ambao huwa hausemwi. Kuna wanaomtisha mzazi kwamba asipomfundisha mtoto, akili yake itadumaa kwa kukosa usingizi. Hao nao hawana haki. Katika utafiti wa Kanada uliochapishwa 2018, asilimia 38 ya watoto wa miezi sita walikuwa hawalali saa sita mfululizo, na kwa watoto wa miezi kumi na miwili ilikuwa asilimia 28. Maendeleo ya akili na ya mwili ya watoto hao hayakuwa nyuma ya wenzao. Mtoto wa mwaka mmoja anayeamka usiku ni mtoto wa kawaida.

Kuna jingine kutoka Kanada ambalo hubadilisha namna ya kuifanya kazi yenyewe. Mwaka 2015 familia 235 zenye watoto wa miezi sita hadi minane zilishiriki jaribio ambamo watoto walifungwa vifaa vya kupima mtikisiko. Wazazi waliofundishwa walisema mtoto anaamka mara chache zaidi kuliko zamani. Vifaa havikuonyesha tofauti hiyo. Watoto waliendelea kuamka kama kawaida, ila walirudi usingizini bila kuita mtu. Usingizi wa mtoto mchanga huenda kwa mizunguko ya kama saa moja hivi, na mwisho wa kila mzunguko anakaribia kuamka. Basi usilenge kumzuia asiamke. Unamfundisha njia ya kurudi.

Kabla hujaanza

Usianze akiwa chini ya miezi sita. Wapo wanaoanza na miezi minne. Mimi sishauri, kwa sababu njaa ya usiku katika umri huo ni njaa kweli, na saa ya mwili inayotenganisha usiku na mchana ndiyo kwanza imejijenga. Aliyezaliwa njiti, hesabu umri wake kuanzia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa.

Chukua kadi ya kliniki utazame mstari wa uzito. Kama haupandi, acha mambo ya usingizi, njoo tuzungumze kuhusu kula. Mtoto mwenye homa, anayevutavuta sikio, anayecheua kwa maumivu, au anayekoroma na kukatika pumzi usiku anahitaji daktari kwanza. Vilevile ahirisha kama mmehama, kama mama anarudi kazini wiki hiyo hiyo, au kama mtoto ameingia kwenye familia karibuni kwa njia ya kuasili. Huyo wa mwisho anahitaji kila mara akiita aitikiwe, usiku na mchana, mpaka awe na hakika na watu wake.

Mahali pa kulala: mlaze chali, kwenye godoro gumu kiasi na lililo sawa, bila mto, bila blanketi, bila midoli. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kinashauri mtoto alale chumba kimoja na wazazi angalau miezi sita ya kwanza, na kumfundisha kulala hakukulazimu umhamishie chumba cha peke yake. Usimpe dawa ya mafua wala ya kikohozi ili asinzie. Nasema hivi kwa sababu huwa inafanyika, na ni hatari kwa pumzi ya mtoto.

Na wewe mwenyewe? Kama umekuwa na huzuni isiyokwisha kwa wiki mbili au zaidi, kama mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto yanakujia, usingoje mtoto alale ndipo upone. Mwambie mtu leo hii, na umwone daktari.

Wiki ya kwanza: hakuna kilio

Hatua hii ndiyo wazazi huiruka, na kwa nyumba nyingi inatosha peke yake. Mwamshe saa ile ile kila asubuhi na umtoe kwenye mwanga. Usingizi wa mwisho wa mchana usiukaribie sana wa usiku. Kisha jenga utaratibu mfupi wa jioni usiobadilika: kuoga, kupakwa mafuta kwa mikono inayokwenda polepole, nguo za kulalia, taa kupunguzwa, wimbo. Katika utafiti uliochapishwa 2009, uliohusisha mama 405 wenye watoto wadogo, utaratibu wa namna hii peke yake ulipunguza muda wa kusinzia na kuamka usiku ndani ya wiki chache, na mama wenyewe wakawa na hali nzuri zaidi.

Ndani ya utaratibu huo, sogeza kunyonya kuwe mwanzoni. Mtoto anayelala kila siku na ziwa mdomoni, akiamka usiku wa manane hulitafuta ziwa, maana ndiyo njia pekee aijuayo. Anyonye, ashibe, ndipo avae, aimbiwe, alazwe akiwa mzito wa usingizi lakini bado anakuona. Binti yangu alipinga mabadiliko haya kuliko kitu kingine chochote kilichofuata. Tuliyafanya kidogo kidogo: nikamtoa ziwani kope zikiwa zimeshuka, siku zilizofuata mapema zaidi, mpaka ikawezekana kumvalisha soksi kati ya kunyonya na kulala.

Jambo la pili la wiki hii ni kuandika. Andika saa anayosinzia kweli, si saa unayomlaza. Kama unamlaza saa moja na nusu jioni na analala saa tatu, basi saa yake ni saa tatu, na kilio cha hapo katikati ni cha mtoto asiye na usingizi. Mlaze saa tatu. Akiwa anasinzia upesi, mlaze mapema zaidi kwa dakika kumi na tano kila baada ya siku mbili au tatu. Njia hii ilikuwa mojawapo ya zile zilizojaribiwa Adelaide na watoto wakasinzia haraka zaidi kuliko mwanzo. Ndiyo ninayoipendekeza kwanza, kabla ya njia yoyote yenye kilio. Mtoto wa miezi minne hadi kumi na miwili anahitaji kulala saa 12 hadi 16 kwa siku, na usingizi wa mchana unahesabiwa humo humo. Akishapata nyingi mchana, usiku atakudai michezo.

Ikiwa bado hajaweza

Chagua kati ya njia mbili.

Ya kwanza ni ya kukaa naye. Baada ya kumlaza, keti kwenye kigoda kando ya kitanda chake, weka mkono kifuani pake, sema maneno yale yale kwa sauti ya chini. Akilia, endelea kuwepo. Usimwinue kila anaponung'unika, lakini akilia kwa kwikwi mpaka anapaliwa, mbebe atulie, umrudishe. Akishazoea mkono, utoe mkono ubaki umeketi. Baada ya siku chache sogeza kigoda hatua moja kuelekea mlangoni. Ni ndefu, huchukua hata wiki mbili tatu, na mgongo utauma. Hii ndiyo tuliyoitumia sisi, na baba yake ndiye aliyeketi usiku wa mwanzo, kwa kuwa mimi nilinukia maziwa na kila nilipoinama binti alifungua mdomo.

Ya pili ni ya kutoka na kurudi, iliyojulikana sana kutokana na daktari Richard Ferber wa Boston katika miaka ya 1980. Unamlaza, unatoka, unarudi baada ya dakika tatu, kisha tano, kisha kumi. Ukirudi unamgusa, unamwambia neno la upole, unatoka kabla ya dakika mbili. Dakika hizo si amri; ukiweza mbili tu, anza na mbili. Tumia saa ya ukutani au ya simu, kwa sababu kilio cha mwanao kinaifanya dakika moja ionekane kama kumi. Kuna watoto ambao kila ukirudi wanachemka zaidi. Hao wanafaa zaidi kwa kigoda.

Kufunga mlango hadi asubuhi sikushauri. Mzazi asiyechungulia hawezi kujua kwamba mtoto ametapika au mguu umenasa kwenye nondo za kitanda, na matokeo mazuri ya Melbourne niliyoyaeleza juu ni ya wazazi waliorudi au waliobaki chumbani.

Kwa njia yoyote, amueni mapema kuhusu maziwa ya usiku. Kwa mtoto wa miezi sita hadi tisa mimi hubakiza mlo mmoja, na hapo ananyonya bila mabishano yoyote. Amueni pia nani anaamka saa ngapi, na mzungumze na kila anayelala nyumba hiyo. Kama bibi yake hawezi kuvumilia kukisikia kilio, asilaumiwe; mpeni kazi ya alfajiri ili nyinyi mlale.

Usiku wa pili au wa tatu mara nyingi huwa mgumu kuliko wa kwanza. Mtoto anajaribu kwa nguvu zaidi kile kilichokuwa kikifanya kazi. Wengi huacha hapo. Ukiweza kuuvuka, kwa kawaida unaanza kuona nafuu. Kilio kikibadilika, kikawa cha ghafla na chenye makali usiyoyajua, ingia wakati huo huo, saa isiwe kizuizi.

Kinachokuonyesha kama aendelee

Mchana ndio unaokupa jibu. Anakunyooshea mikono ukimwendea? Akilia ukiondoka, anatulia ukirudi? Anakula, anacheza, anakutazama usoni na kucheka? Basi endelea. Fahamu kwamba kati ya miezi minane na kumi watoto wengi huanza kulia mzazi akitoka chumbani hata kama hakuna aliyewafundisha lolote usiku. Ni hatua ya kukua. Lakini mtoto akiwa mnyonge, akikataa kula, akakwepa macho yako, au akakung'ang'ania siku nzima kwa siku kadhaa, simamisha. Na kama wiki imepita bila mabadiliko yoyote, simamisha vilevile, ngoja mwezi mmoja hivi, ujaribu tena. Kuacha katikati hakumdhuru.

Ataugua, mtasafiri, atajifunza kusimama akikamata nondo za kitanda saa nane za usiku asijue namna ya kuketi tena. Usingizi utavurugika. Akiwa mgonjwa mbebe, mnyonyeshe, lala naye chumbani, mwitikie kila anapoita. Akishapona na kula vizuri siku mbili tatu, rudini kwenye utaratibu wa jioni ule ule, na kigoda kiwe kando ya kitanda tena. Safari hii huwa fupi. Yule wa kusimama, mfundishe kuketi mchana, mara nyingi, kwa mchezo: mshike mikono, mkunje magoti, achuchumae. Usiku unaofuata mguse goti tu.